Baba, Mama, Papa: Tusome Upya Daftari la Imla la Mtoto Asiyesikia Vizuri

*Hotuba kwa walimu wa darasa la kwanza hadi la nne na wazazi wa watoto viziwi na wenye usikivu hafifu. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.*

Walimu, wazazi, mabibi na mababu mliowasindikiza wajukuu, na ninyi ndugu zetu viziwi mliokaa upande huu karibu na mkalimani: shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za asubuhi.

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja amgeukie jirani yake. Chagua neno moja kati ya haya matatu: baba, mama, papa. Liseme kwa midomo tu, sauti usitoe hata chembe. Jirani akisie umesema lipi.

Haya, inatosha. Nani kapatia? Naona mikono michache, na hiyo michache imebahatisha. Msione aibu. Herufi p, b na m zote hutamkwa kwa kufunga midomo kisha kuifungua. Kinachozitenganisha kiko kooni na puani, na koo na pua havionekani. Kwa anayetazama, baba, mama na papa ni neno moja.

Sasa rudini darasani. Mwalimu anasoma imla: "Baba amekuja." Mtoto wa dawati la nyuma, ambaye masikio yake yanamletea nusu ya maneno na macho yanamkamilishia nusu nyingine, anaandika "Mama amekuja." Tunapiga mkasi. Tena kwa wino mwekundu.

Sisi waswahili tuna sifa moja tunayojivunia sana: Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika. Mtoto wa Kiingereza anahangaika na herufi zisizotamkwa, wetu anasikiliza, anakata silabi, anaandika. Irabu tano, kila moja na sauti yake. Ni sifa ya kweli. Lakini leo naomba tujiulize: kinavyosikika na nani? Kwa mtoto mwenye masikio mazima, sifa hiyo ni mlango uliofunguliwa. Kwa mtoto asiyesikia vizuri, mlango huohuo umefungwa, na sisi tumesimama nje tunamwambia, "Sikiliza vizuri uandike."

Kinavyosikika na nani? Swali hilo nitalirudia leo mpaka mlichoke.

Tuanze na sikio lenyewe. Sauti za lugha hazilingani nguvu. Irabu ndizo zenye kishindo, na sehemu kubwa ya nguvu zake iko chini, kwenye mawimbi mazito yasiyozidi hezi 1000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Sauti kama s, f na th ni pumzi tu inayopenya menoni, na s inaanzia kwenye hezi 4000 hivi kwenda juu. Kati ya irabu yenye nguvu kuliko zote na th iliyo dhaifu kuliko zote kuna tofauti ya karibu desibeli 30, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwa hiyo upo uziwi unaochukua zile pumzi za juu na kuacha irabu zote. Mtoto huyo ukimwita jina, anageuka. Ukipiga kofi nyuma yake, anageuka. Mzazi anasema: "Huyu anasikia, ni mkaidi tu." Na mwalimu anaamini.

Chukueni mfano wa binti wa darasa la pili. Mwalimu wake ametaja maneno matano: kisu, samaki, asali, sahani, fisi. Binti ameandika: *kiu, amaki, aali, aani, fii.* Amepata sifuri kwa tano, na chini yake pameandikwa "Ongeza bidii."

Hebu tulisome daftari hilo polepole. Irabu zote zipo na kila moja imekaa mahali pake. K ipo, m ipo, l ipo. F ipo, kwa sababu meno yakigusa mdomo wa chini inaonekana waziwazi. Kilichokosekana ni s, mara tano katika maneno matano, na h ya "sahani," ambayo nayo ni pumzi. Mtoto mvivu hakosei namna hii. Uvivu ungechafua huku na kule, leo irabu, kesho konsonanti. Kosa linalorudi palepale kila mara lina sababu. Binti huyu ameandika kwa uaminifu kabisa kile alichosikia, na kama kanuni ni kuandika kinavyosikika, basi yeye ndiye aliyeifuata.

Bidii aongeze ya nini? Anachohitaji ni kupelekwa kupimwa masikio, na apimwe sauti moja moja, za chini na za juu, kwa mashine yenye vipokea sauti vya kuvaa. Kuitwa jina kwa nyuma si kipimo.

Nakuja kwenye jambo ambalo nataka tukae nalo zaidi, kwa sababu ni letu hasa. Vitabu vya walimu wa Ulaya na Marekani havitatusaidia hapa. Ni viambishi.

Mfano wa pili: mvulana wa darasa la tatu, uziwi mkubwa, anavaa shimesikio, yaani kile kifaa cha sikioni cha kukuza sauti, anasoma midomo kwa ustadi. Mwalimu amesoma sentensi hii: "Mbuzi wa baba alimpiga mtoto teke." Mvulana ameandika: *"Buzi wa mama alipiga mtoto teke."*

("Buzi" la mtaani lina maana yake, mnaijua, msinicheke. Mtoto hakuwa na nia hiyo.)

Baba na mama tumeshaelewa. Lakini tazameni m. Kwenye "mbuzi" hakuiandika. Kwenye "alimpiga" hakuiandika. Kwenye "mtoto" ameiandika! Kwa nini m moja aipate na mbili zimpotee? Semeni wote taratibu: *m-toto*. Midomo inafunga, inafunguka, ulimi unagonga t. M inaonekana peke yake. Sasa semeni: *m-buzi*. Midomo inafunga kwa m, haifunguki, inaendelea kufunga kwa b, ndipo inafunguka. Imefunga mara moja kwa herufi mbili. Na *ali-m-piga* ni hivyohivyo. Kwa anayetazama, "alimpiga" na "alipiga" ni kitu kimoja.

Mtegeni mtoto huyo muone. Mpeni imla ya "alimkata" na "alimtuma," ataandika sawa. Mpeni "alimpa," ataandika "alipa." Mpeni "mboga," ataandika "boga." Mpeni "mpira," ataandika "pira," pengine "bira." Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu "alipa" ni neno, na "boga" ni neno. Mwalimu anadhani mtoto hajui maana, kumbe maana anayo na kilichomponyoka ni m.

Herufi zinazotamkwa ndani ya kinywa zina balaa lake. T, d na n hugonga palepale nyuma ya meno, kwa hiyo "ndizi" inakuwa "dizi," na "ndege" inakuwa "dege" au "tege." K, g na ng zinafanyika nyuma kabisa ya kinywa, midomo haionyeshi chochote: "ngoma" inakuwa "goma," "gari" inakuwa "kari." V na f zinafanana midomoni: "vua" na "fua." Mwaweza kucheka, lakini fikirini mtoto aliyeambiwa *fua shati* akaelewa *vua shati* mbele ya darasa zima.

Halafu kuna mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "hawakumwambia," nguvu ya sauti inatua kwenye *mbi*. Ha-, -wa-, -ku-, -mw- zote zinapita mbiombio mwanzoni, hafifu, zikiwa zimebeba nani, lini, kwa nani, na kama limetendeka au la. Mzigo wote wa maana uko mahali ambapo sauti ni ndogo. Mtoto asiyesikia vizuri anapokea "...ambia." Anaandika "aliambia," au "ambia" peke yake.

Tufanyeje? Tukimwambia "sikiliza vizuri" tumerudi kwenye mlango uliofungwa. Tumpe mlango mwingine, na Kiswahili kinao. Kiambishi kina kanuni, na kanuni haihitaji sikio.

Chukua kartoni ya boksi la sabuni. Kata kadi za upana wa vidole vitatu. Viambishi vya mtenda (ni, u, a, tu, m, wa) viandike kwa bluu. Vya wakati (na, li, ta, me) kwa kijani. Vya mtendwa (ni, ku, m, tu, wa) kwa wino mwekundu. Mizizi (pig, kat, p, it, tum) kwa nyeusi. Irabu ya mwisho, penseli inatosha. Sasa igizeni. Mtoto mmoja apige mpira: pangeni *a-li-pig-a mpira*. Mtoto yuleyule ajifanye anampiga mwenzake: *a-li-m-pig-a mwenzake*. Muulize: kwa nini hapa kuna kadi nyekundu na pale hakuna? Akijibu, kwa mdomo au kwa alama, kwamba "hapa kuna mtu," basi amemaliza. Kuanzia siku hiyo m ya "alimpiga" ataiandika kwa sababu anajua lazima iwepo. Hataisubiri imfikie sikioni.

Kosa la kawaida katika zoezi hili ni kumwaga kadi zote mezani siku ya kwanza. Mtoto anapotea. Anza na mzizi mmoja, mtenda mmoja, wakati mmoja, na kadi moja nyekundu. Ukiongeza kadi ya pili ya rangi yoyote kabla ya ile ya kwanza kukaa, unarudi mwanzo.

Nomino nazo ni hivyohivyo. "Mbuzi," "mboga," "ndizi," "ngoma" hazifundishwi kwa kuvuta sauti "mmmm-buzi." Ukivuta hivyo umebadilisha sura ya midomo, na kesho ukisema kawaida mtoto hakutambui. Mwekee neno machoni: picha ya mbuzi, chini yake neno, *mb* ikiwa imezungushiwa duara. Kisha visanduku: chora visanduku viwili, kimoja cha *mbu* na kingine cha *zi*. Ndani ya kisanduku cha kwanza weka vitone vitatu, maana yake herufi tatu. Mtoto akiandika "bu" ataona kitone kimoja kimebaki bila herufi. Hakuna anayemwambia amekosea, kitone kinamwambia.

Sasa darasa.

Mwalimu akisema kwa sauti ya kawaida, mtu aliye mita moja mbele yake anapokea kama desibeli 60 hadi 65. Kila umbali unapozidi maradufu, mahali pa wazi, sauti inapungua desibeli 6. Mita mbili, toa sita. Mita nne, toa kumi na mbili. Mita nane, pale nyuma wanapokaa warefu na wasumbufu, toa kumi na nane. Kuta za darasa zinarudisha sauti kidogo, lakini zinairudisha ikiwa imechelewa na kuvurugika, na kwa mtoto wetu mwangwi ni adui. Shimesikio nalo hufanya kazi yake vizuri mita moja mpaka mbili. Zaidi ya hapo linakuza kila kitu: sauti yako, madawati yanayoburuzwa, bodaboda barabarani.

Mnaisikia mvua hiyo inayoanza? Ngojeni nisogee. Nyuma mnanisikia? ... Mnaona, mmeinua mikono kusema hapana, na ninyi mnasikia vizuri. Bati likishapigwa na mvua, imla iahirishwe. Andikisheni kutokana na picha, au someni kimya. Kuendelea na imla chini ya bati linalonguruma ni kupima hali ya hewa.

Basi imla itolewe hivi. Simama mahali pamoja, mita moja hadi mbili kutoka kwa mtoto. Mwanga uanguke usoni kwako, maana yake dirisha liwe mbele yako. Likiwa mgongoni kwako uso wako unakuwa kivuli kitupu. Kitabu kishushe chini ya kidevu. Usiongee huku unaandika ubaoni, maana mgongo hauna midomo. Sema sentensi kwanza, kisha neno, kisha sentensi tena: "Papa anaishi baharini. Papa. Papa anaishi baharini." Sentensi inatenganisha kile ambacho midomo haitenganishi. Sema kwa mwendo wa kawaida, bila kupayuka, kwa sababu ukipayuka irabu zinafunika konsonanti na midomo inapinda. Maneno mapya yasizidi matano au sita kwa wiki, na angalau nusu ya zoezi liwe la picha: mtoto aone samaki, aandike samaki, bila mtu kutamka.

Kuna jambo lingine la darasani ambalo walimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wananielewa mara moja. Ile nyimbo yetu ya pamoja: *ba, be, bi, bo, bu.* Watoto themanini, sauti moja. Mtoto asiyesikia hujificha humo kama samaki kwenye kundi. Anachezesha midomo, anayumba na wenzake, na anachelewa nusu sekunde. Mtazameni huyo anayechelewa nusu sekunde. Dalili ya mvua ni mawingu, na hilo ni wingu.

Mfano wa tatu ni mfupi lakini ndio unaowatesa wazazi wengi. Mtoto Jumatatu anapata tisa kwa kumi. Wiki mbili baadaye anapata tatu. Mwezi unaofuata anapata nane. Mwalimu anasema, "Akitaka anaweza." Fimbo inafuata, kwa sababu imethibitika kwamba anaweza!

Uliza kwanza: sikio linatoa usaha? Ana mafua yasiyokwisha? Maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio, usikivu unashuka desibeli 20, 30, wakati mwingine 40, na yakikauka unarudi. Alama zinapanda na kushuka na sikio. Usaha uliotoka siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu, unahitaji kituo cha afya na dawa ya matone iliyoandikwa na mtaalamu. Nyumbani kazi ni kulikausha: sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiweke sikioni kinyonye, kitoe kikilowa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Mafuta ya taa, mafuta ya nazi, maziwa ya mama, maji ya majani, hapana. Unyoya na njiti ya kiberiti, hapana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto unatokana na mambo yanayozuilika, na usaha unaoachwa "utakauka wenyewe" ni mojawapo.

Kama mtoto anavaa shimesikio, chanzo cha kwanza cha kushuka alama ni betri. Betri ndogo za hewa, zile zenye kibandiko cha rangi (chungwa ni namba 13, bluu ni 675, kahawia ni 312), huanza kuisha mara kibandiko kinapobanduliwa, ukiitumia usiitumie. Bandua, ngoja dakika moja iingize hewa, ndipo uiweke. Chanzo cha pili ni nta au tone la jasho ndani ya mpira mwembamba unaopitisha sauti. Huku pwani unyevu ni adui wa kudumu: usiku toa betri, weka kifaa kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usikianike juani wala kukikausha karibu na jiko. Cha tatu ni ile plastiki ya sikioni. Mtoto anakua, plastiki haikui. Ikilegea, kifaa kinapiga mluzi, wenzake wanacheka, naye anakizima kimyakimya na kubaki nacho sikioni kama hereni. Mwalimu anaona kifaa kipo, basi anaridhika.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya somo, fanyeni jaribio la sauti sita lililobuniwa na Daniel Ling, mtaalamu wa kufundisha watoto viziwi: *m, u, a, i, sh, s.* Zote sita ni za Kiswahili, hatuna cha kutafsiri. Simama mita moja, funika mdomo kwa karatasi iliyo mbele kidogo ya uso. Usitumie kiganja, kinaziba sauti. Zitaje bila mpangilio, na katikati ya moja na nyingine nyamaza kwa muda usiolingana, ili asikisie. Yeye arudie, au ainue mkono. Rudia kwa mita tatu. Haimalizi dakika mbili. Akikosa zote, betri imekufa. Jana alikuwa anapata s na leo haipati ilhali nyingine zote anazipata, angalia mpira na nta. Hajawahi kuipata s hata siku moja, mrudisheni kwa aliyepima masikio, kifaa kirekebishwe. Na siku ambayo s haijapatikana asubuhi, usimpe imla ya "sisimizi" saa nne.

Sasa nizungumze na ninyi mliokaa karibu na mkalimani, na wazazi wa watoto wanaotumia lugha ya alama.

Makosa ya mtoto huyu ni ya namna nyingine kabisa. Anaandika *kusi* badala ya kisu. *Chakual* badala ya chakula. *Mwailmu* badala ya mwalimu. Herufi zote zipo, hakuna iliyopotea, ila mbili zimepishana. Mtoto anayesikia hawezi kuandika "chakual," sikio lingemkataza, kwa sababu halitamkiki. Huyu ameliona neno kama mtu anavyoiona sura: macho yapo, pua ipo, ila hakumbuki vizuri kipi kiko wapi. Kosa hili ni habari njema. Linaonyesha mtoto amelibeba neno zima kichwani kwa macho. Kilichobaki ni mpangilio.

Na mpangilio unafundishwa na vidole. Fanyeni mnyororo: onyesha kisu chenyewe, toa alama yake, kisha iandike kwa herufi za vidole k-i-s-u, kisha andika ubaoni, kisha rudi kwenye alama. Herufi za vidole zinakwenda moja baada ya nyingine kwa wakati, ndicho kitu ambacho jicho peke yake linakikosa kwenye karatasi. Baada ya hapo: mtoto atazame neno sekunde tano, alitaje kwa vidole, alifunike, aliandike lote kwa mara moja, alifunue, alinganishe herufi kwa herufi na azungushie duara *mwenyewe* iliyopotoka. Arudie baada ya dakika kumi, kesho yake, na wiki ijayo. Kinachoharibu zoezi hili ni kuchungulia. Mtoto anaandika k, anachungulia, anaandika i, anachungulia. Huyo ananakili, na kunakili hakuachi kitu kichwani.

Wapo wanaosema alama zinamfanya mtoto asijifunze kuandika. Mawazo hayo ni ya mkutano wa Milan wa mwaka 1880, ulioamua viziwi wafundishwe kwa mdomo tu, na ilichukua hadi mwaka 2010, huko Vancouver, kwa mkutano wa mfululizo huohuo kusikitikia uamuzi ule. Miaka 130! Tusiuanzishe upya katika madarasa yetu. Mtoto asiye na lugha yoyote iliyokamilika hana pa kulipachika neno lililoandikwa.

Swali moja nimeletewa kwenye karatasi wakati wa chai: "Nitajuaje kama kosa ni la sikio au ni la lugha ya nyumbani?" Swali zuri. Mtoto anayeandika "mkurima," "kalamu" ikawa "karamu," "dhambi" ikawa "zambi," "thamani" ikawa "samani," "habari" ikawa "abari," mtazame jirani yake wa kijiji kimoja. Kama nao wanaosikia vizuri wanaandika hivyo, hilo ni la nyumbani, na linatibiwa kama unavyowatibu wengine. Kama ni yeye peke yake, na kama anachanganya p na b, au anadondosha s na ile m iliyo mbele ya b na p, shuku sikio. Na vyote viwili vinaweza kukutana kwa mtoto mmoja, maana uziwi hauondoi uzaramo wala uchaga.

La mwisho ni usahihishaji. Mkasi juu ya neno zima unasema uongo. "Amaki" ina herufi tano kati ya sita, zote mahali pake. Andika 5/6. Kisha tenga kurasa mbili za mwisho wa daftari, kusanya makosa hamsini kutoka kwenye maandishi ya mtoto ya wiki mbili au tatu, imla na yasiyo imla, na uyapange mafungu: herufi za pumzi zilizopotea, herufi za midomo zilizobadilishana, viambishi vilivyoanguka, herufi zilizopishana, na ya lugha ya nyumbani. Fungu lililojaa kuliko mengine ndilo somo lako la mwezi ujao. Ukimpeleka mtoto hospitali, peleka na kurasa hizo. Anayepima masikio akiona "kiu, amaki, aali," atajua pa kuanzia kabla hajawasha mashine.

Mvua imepungua. Mliobeba madaftari ya watoto, yatoeni tuyapitie wawili wawili, mwalimu mmoja na mzazi mmoja. Fungueni imla ya karibuni kabisa, na tafuteni kwanza s.